Simu Yasoma Karatasi, Haisomi Kopo

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hadi Vanga, mwanamke wa zamani alipotaka kujipamba hakuwa na haja ya kuuliza ni kitu gani anachojipaka mwilini. Liwa ilisuguliwa juu ya jiwe naye akiona. Manjano yalitwangwa nyumbani, mafuta ya nazi yalipikwa jikoni, na singo ya bi harusi ilichanganywa na somo wake mbele ya macho ya wenyewe. Mtengenezaji alijulikana kwa jina na kwa mlango wake, na mambo yakiharibika alijulikana pia mtu wa kuulizwa.

Leo mtengenezaji hajulikani. Kopo la krimu hutoka nchi ya mbali, likapita bandari mbili au tatu, likauzwa kwa jumla, likauzwa tena kwa rejareja, na mwisho likamfikia binti ambaye hana la kushika ila karatasi iliyobandikwa juu yake. Karatasi yenyewe imejaa maneno ya Kilatini na ya kikemia, kwa herufi ndogo mfano wa sisimizi.

Ndipo zilipozuka zana za mtandaoni za kuchunguza vipodozi. Mtu huandika majina ya viungo katika simu yake, au huipiga picha ile alama ya mistari myeusi iliyo juu ya kopo, na mara moja simu humwambia hiki ni chema, hiki kina mashaka, hiki kiepuke. Vijana wetu wa kike wamezipokea zana hizi kwa furaha, na si ajabu, kwani asiyejua kusoma karatasi ya kopo ni kama kipofu sokoni.

Swali linalotukabili ni hili: katika zana hizo ni ipi ifaayo kuchaguliwa, nayo iaminiwe hadi wapi? Maoni yangu ni kwamba zana hizi zina manufaa, lakini manufaa yake hukoma pale ukweli wa karatasi unapokoma. Na katika masoko yetu, sumu kubwa kabisa ni ile isiyoandikwa.

SOKO LA NOONKOPIR

Jambo hili nimelitazama nikiwa Noonkopir, mbali na bahari. Noonkopir ni kiini cha mji wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga, mpakani na Tanzania. Kwa asili hii ni nchi ya Wamaasai, lakini leo utakutana hapa na watu wa kila kabila, wakiwamo watu wetu wa pwani waliofuata kazi katika viwanda vya Athi River na afisi za Nairobi. Mji umekua upesi, na penye watu wengi wenye mishahara midogo, maduka ya vipodozi hayakosekani.

Nilipita maduka kadhaa nikitazama makopo tu, nikaona kwamba bidhaa zenyewe ni za namna nne. Namna ya kwanza ni kopo lenye orodha kamili ya viungo, jina la mtengenezaji na tarehe. Ya pili ni kopo lenye maandishi ya lugha ambayo muuzaji mwenyewe haijui. Ya tatu haina orodha yoyote ila sifa na picha ya mwanamke mweupe. Ya nne ni ule mkorogo unaochanganywa papo hapo na kutiwa katika kopo tupu la plastiki, usio na jina wala anwani.

Msomaji ataona mwenyewe kwamba zana ya mtandaoni yaweza kufanya kazi yake barabara juu ya namna ya kwanza peke yake. Hizo tatu zilizobaki haina la kuzisoma. Nazo, kwa kuwa ni rahisi, ndizo zinunuliwazo na wengi.

TUANZE NA LILE LINALOSAIDIKA

Tusizidharau zana hizi kabla ya kuzitendea haki. Jambo la kwanza zinalotufundisha ni kwamba yale majina ya kutisha, mengi ni vitu tuvijuavyo. Aqua ni maji. Cocos nucifera ni nazi yetu. Curcuma longa ni manjano, Santalum album ni liwa, Lawsonia inermis ni hina, na Sesamum indicum ni ufuta. Hata nambari CI 77491, inayoonekana juu ya vipodozi vingi vya rangi, ni oksidi nyekundu ya chuma, yaani rangi ile ile iliyomo katika udongo mwekundu ambao moran wa Kimaasai huuchanganya na mafuta akajipamba nao. Sinia ya nyanya zetu imo ndani ya makopo hayo, ila imevikwa joho la Kilatini.

Jambo la pili ni mpango wa orodha. Viungo huandikwa kuanzia kile kilicho kingi hadi kilicho kidogo, mpaka kufikia vile visivyozidi asilimia 1, ambavyo huweza kupangwa vyovyote. Basi kopo linalojisifu kwa picha kubwa ya zafarani, nayo zafarani imetajwa mwisho kabisa baada ya manukato, hilo limekuuzia picha.

Sasa tuziangalie zana zenyewe. Ipo INCIDecoder, ambayo mtu hubandika orodha nzima ya viungo naye akaelezwa kazi ya kila kimoja: hiki hulainisha ngozi, hiki huzuia krimu isioze, hiki ni manukato tu. Kwa mtu anayetaka kufahamu na si kuhukumu, hii yafaa kuwa ya kwanza, ingawa imeandikwa kwa Kiingereza.

Ipo Yuka, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2017, ambayo husoma ile alama ya mistari na kutoa maksi juu ya 100 pamoja na rangi, tangu kijani hadi nyekundu. Hii ni nyepesi kutumia, na wenyewe husema kwamba hawapokei fedha za makampuni yanayotengeneza bidhaa. Lakini imejengwa juu ya bidhaa za Ulaya na Marekani, na kopo la Noonkopir huenda lisijulikane kabisa humo.

Ipo Skin Deep, ya shirika la Environmental Working Group la Marekani, iliyoanza mwaka 2004. Hiyo hutoa alama tangu 1 hadi 10. Wataalamu wengi wameikosoa kwa sababu hutazama zaidi ubaya wa kitu chenyewe kuliko kiasi chake. Chumvi ikizidi huua, lakini chembe ya chumvi katika mchuzi haimfanyi mpishi kuwa muuaji. Shirika hilo pia hutoza ada kwa kampuni zinazotaka kubandika alama yake ya sifa juu ya bidhaa zao, na hilo mtumiaji anapaswa kulijua.

Mwisho ipo CosIng, ambayo ni daftari la Halmashauri ya Ulaya. Haina rangi wala maksi, nayo ni kavu kama sheria yoyote ile. Lakini hukuambia kama kiungo fulani kimekatazwa katika sheria za Ulaya, au kimeruhusiwa kwa kiasi gani.

Kwa maoni yangu, anayechagua zana aiulize maswali manne. Nani anayeilipa? Je, inaonyesha ilikopata habari zake? Je, inazungumzia kiasi, au inatisha kwa jina tu? Na je, inazijua bidhaa za soko letu? Kisha aijaribu kwa maneno mawili: aandike Hydroquinone na Calomel. Zana itakayoyapita maneno hayo bila ya onyo, aiondoe katika simu yake siku hiyo hiyo.

Wala asitishwe na kila alama mbaya. Katika orodha nyingi za namna hii mafuta ya nazi hupewa alama ya juu ya kuziba vinyweleo na kuleta chunusi. Kwa uso wenye chunusi pengine ni kweli. Lakini watu wa pwani wamejipaka nazi karne nyingi, na alama hiyo haitoshi kuifanya nazi kuwa adui.

AHADI NA ORODHA

Binti mmoja wa jirani zangu hapa, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa akijitayarisha kwa harusi yake. Alinijia na kopo la krimu na simu mkononi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Hebu tazama, ami. Simu imenipa kijani kitupu. Hii haina ubaya wowote."

Nikatazama. Orodha ilikuwa fupi na safi: maji, gliserini, mafuta, nta, vitamini na manukato. Hapana hata kimoja cha kutisha. Lakini juu ya sanduku, kwa herufi za dhahabu, iliandikwa kwamba mtumiaji atakuwa mweupe baada ya siku 7.

Nikamwuliza, "Katika vitu hivi vyote ulivyovisoma, ni kipi kiwezacho kubadilisha rangi ya mtu kwa siku 7? Maji? Nta? Gliserini?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hakuna, ami. Basi ama wameongopa juu ya sanduku, ama wameongopa katika orodha."

Alisema kweli, na maneno yake ndiyo kiini cha makala haya. Kopo lina maandishi mawili: ahadi na orodha. Zana ya mtandaoni husoma orodha. Mwenye akili husoma yote mawili akayalinganisha. Iwapo ahadi ni kubwa na orodha ni ndogo, mojawapo ni ya uongo. Ahadi ikiwa ya uongo, umepoteza fedha. Orodha ikiwa ya uongo, waweza kupoteza figo.

KISICHOANDIKWA

Sisemi haya kwa kutisha watu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal. Katika Hospitali ya Kenyatta walikuwa na wagonjwa 60 wenye maradhi ya figo ya namna moja, yale ambayo mwili huvimba na mkojo ukapoteza protini. Kati yao 32 walikiri kwamba walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zaidi ya nusu! Basi habari hii si ngeni kwetu. Imejulikana katika mji wetu mkuu kwa muda wa zaidi ya nusu karne.

Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake. Kwa hivyo kweli mtu hung'ara, na hapo ndipo penye mtego. Lakini haikai juu ya ngozi tu. Huingia mwilini, ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mwanamke mja mzito huweza kumfikia mtoto tumboni. Mvuke wake nao huweza kuwafikia wengine nyumbani ambao hawakujipaka chochote. Bi harusi wa leo, kwa rehema za Mungu, ndiye mama wa mwakani. Hilo ndilo lililo hatarini.

Tena historia yake inauma. Nchi za Soko la Pamoja la Ulaya ziliikataza zebaki katika vipodozi vya watu wao kwa sheria ya mwaka 1976. Hata hivyo sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa huko huko Ulaya na kuletwa Afrika, na ni mwaka 2003 tu ndipo sheria yao ilipokataza pia kuzisafirisha nje. Kwa zaidi ya robo karne, kilichokuwa sumu kwa ngozi ya Mzungu kilikuwa biashara kwa ngozi ya Mwafrika.

Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulianza kutumika duniani mwaka 2017. Ulikataza vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki iliyozidi sehemu 1 katika milioni. Mwaka 2023, katika mkutano wa Geneva, mataifa yalikubaliana kukifuta hata kipimo hicho, ili ifikapo mwaka 2025 kusiwe na kipodozi chochote kilichotiwa zebaki. Karatasi za mikataba ni nzuri. Lakini mtengenezaji mwovu hataiandika zebaki juu ya kopo, kwa sababu anajua imekatazwa.

Kuna haidrokwinoni pia, ambayo Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1990 baada ya wanawake wengi kuharibika nyuso. Ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta mabaka ya rangi ya buluu na nyeusi yasiyotoka, na hivyo aliyekimbilia weupe akaishia katika weusi usio wake. Na kuna dawa za steroidi, kama Clobetasol na Betamethasone, ambazo ni za kuandikiwa na daktari kwa maradhi ya ngozi. Zikitumiwa ovyo hupunguza unene wa ngozi, ikabaki kama karatasi na kuacha michirizi. Nchini Kenya haikubaliwi kuuza krimu zenye zebaki au haidrokwinoni kama vipodozi. Ukiyaona majina hayo katika orodha, liache kopo dukani. Usipoyaona, usiseme bado kwamba hayamo.

HALALI NA TWAHARA

Sisi Waislamu tuna swali jingine ambalo zana nyingi za Ulaya hazikulijengewa. Gliserini yaweza kutoka katika mawese, na yaweza kutoka katika mafuta ya mnyama. Jina juu ya karatasi ni lile lile moja. Kolajeni na asidi steariki ni vivyo hivyo. Rangi nyekundu yenye nambari CI 75470 hutokana na wadudu. Simu itakuambia kazi ya kitu, haitakuambia asili yake. Hapo alama ya halali kutoka kwa chombo kinachojulikana, kama vile Kenya Bureau of Halal Certification, ina faida kuliko maksi zozote, na penye utata waulizwe masheikh.

Kwa upande mwingine, wapo wanaotupa kopo zima kwa kuona neno Alcohol. Cetyl Alcohol na Stearyl Alcohol ni mafuta magumu mfano wa nta, wala hayalevyi. Yasichanganywe na Alcohol Denat., ambayo ni spiriti. Hapa zana nzuri yaweza kuondoa wasiwasi usio na msingi.

Wala tusidhani kwamba kila cha kwetu kimesalimika. Piko inayochorwa mikononi mwa maharusi leo mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Ulaya huiruhusu katika rangi za nywele tu, isizidi asilimia 2 wakati wa kupakwa, na haikubali kuchorea ngozi. Huweza kuleta malengelenge na makovu pale pale palipochorwa ua. Wanja wa mawe nao, baadhi yake una risasi, na umekuwa ukipakwa watoto wachanga. Vitu hivi huuzwa vimefungwa katika kikaratasi. Simu itasoma nini hapo? Hina yenyewe ni rangi ya kahawia na nyekundu. Iliyo nyeusi tititi imetiwa kitu.

MKONO NDANI YA RUNDO

Imepokewa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni Madina akaona rundo la nafaka. Juu lilikuwa kavu. Akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu, akamkemea mwenye mali kwa kuficha kilicho chini. Hakutosheka na kilichoonekana juu.

Kutokana na mwenendo huo Waislamu walijenga kazi ya muhtasibu, yaani mkaguzi wa soko. Katika karne ya 12 al-Shayzari wa nchi ya Shamu alimtungia muhtasibu kitabu cha kumwongoza katika kazi yake, na humo akamfundisha hata namna za kugundua dawa na manukato yaliyoghushiwa. Kumbe watu wa kale walijua kwamba mnunuzi mmoja mmoja hana uwezo wa kupima kila anachouziwa. Ni lazima awepo mtu mwenye mamlaka atakayetia mkono ndani ya rundo kwa niaba ya wote.

Hii ndiyo hofu yangu juu ya zana za mtandaoni. Si kwamba ni mbaya, bali zaweza kutusahaulisha kudai haki hiyo. Serikali ikiona kila binti ana programu katika simu, itaona raha kusema kwamba kila mtu ajilinde. Mkono wa kutiwa ndani ya rundo leo ni maabara. Kipo pia kifaa cha kushikwa mkononi, kitumiacho eksirei, kiwezacho kugundua zebaki katika krimu kwa dakika chache. Mahali pake ni kituo cha mpakani Namanga, bandari ya Mombasa, na masoko kama Noonkopir, tena mara kwa mara, si kwa msako wa siku moja wa kupigwa picha.

Mpaka hayo yatimie, mnunuzi ana mambo ya kufanya. Atazame alama ya ubora ya Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa, KEBS, kisha asiiamini kwa macho tu, kwani alama nayo hughushiwa. Aandike katika simu herufi SM, alama #, na nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo, apeleke kwa 20023, naye atajibiwa bidhaa ni ya nani. Ujumbe huo mfupi hauhitaji intaneti. Baada ya hapo ndipo aichukue INCIDecoder asome maana ya viungo, na CosIng ajue sheria inasemaje. Asinunue kopo lisilo na orodha wala mkorogo usio na mwenyewe. Na akiona ahadi ya weupe wa siku 7, afunge simu na aondoke. Hapo hapahitajiki uchunguzi zaidi.

Liwa na manjano ya wazee wetu yalikusudiwa kuing'arisha ngozi aliyopewa mtu na Muumba wake, si kuibandua. Mama zetu wenye kuwafunda wari, na masomo wenye kuwapamba, wana nafasi ya kulisema hili kabla ya duka kusema lake. Binti wa maji ya kunde aambiwe mapema, na watu wa nyumbani kwake, kwamba hana upungufu wa kutibiwa.